Nyumba ya Perthes: Jinsi Jamaa Moja ya Wachapaji Ilivyokuza Kazi ya Ramani

Mwalimu anapopata fedha kidogo za kununulia vyombo vya shule, baada ya ubao na chokaa hutafuta ramani. Huitundika ukutani, huwaonyesha watoto mahali walipo, kisha pwani, kisha bahari, kisha nchi za mbali, nao huamini. Ni wachache waulizao: Ni nani aliyeyajua haya yote? Aliyajuaje? Na ikiwa alikosea, ni nani atakayemsahihisha? Hayo ni maswali mema, nayo hayajibiwi kwa kutazama karatasi yenyewe. Yatupasa kuwatafuta watu waliofanya kazi hiyo, na kuona jinsi walivyoifanya.

Katika makala hii nataka kueleza habari za jamaa moja ya Ujerumani, jamaa ya Perthes wa mji wa Gotha, ambayo kwa zaidi ya miaka mia mbili, baba, mwana na mjukuu, ilichapa ramani na vitabu vya kutafutia habari. Nimeichagua jamaa hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, katika kukua kwake twaona wazi jinsi duka dogo la vitabu linavyoweza kuwa chombo cha elimu ya ulimwengu mzima. Ya pili, ramani moja iliyotoka katika kiwanda chake mwaka 1856 ilichorwa kwa maneno yaliyosemwa pwani yetu, kwa lugha yetu. Na kosa lililokuwa ndani yake lilikuwa kosa la lugha kwa sehemu kubwa.

ASILI YA NENO

Kwanza tuseme neno juu ya neno. "Ramani" halikutoka Ulaya. Manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa na kitabu cha kuwaongoza, chenye habari za bandari, nyota, pepo na miamba. Waarabu walikiita rahmani, nao walilipata jina hilo kwa Waajemi, ambao kwao rahnama maana yake ni kitabu cha njia. Hivyo basi, katika asili yake ramani haikuwa picha ya nchi, bali maneno ya watu waliokwisha kupita, yakaandikwa ili ajaye nyuma asipotee. Maana hiyo ya kale ifaa tuiweke moyoni, kwa kuwa itatusaidia kufahamu yaliyotokea Gotha.

MWANZO WA NYUMBA

Gotha ni mji mdogo katika nchi ya Thuringia. Zamani ulikuwa makao ya mtawala wake mwenyewe, maana Ujerumani wakati ule ilikuwa imegawanyika katika milki nyingi ndogo ndogo. Mtawala Ernst wa Pili alipenda elimu ya nyota, akajenga juu ya kilima cha Seeberg nyumba ya kutazamia nyota. Kwa ajili hiyo walikusanyika Gotha watu waliojua kupima na kuhesabu, na kuyafanya mahali pa nchi yajulikane kwa nyota za mbinguni.

Katika mji huo, mwaka 1785, Justus Perthes alianzisha biashara ya vitabu. Alikuwa mzaliwa wa Rudolstadt wa mwaka 1749. Hakuanza na ramani. Kitabu kilichomsimamisha kilikuwa kitabu cha takwimu cha kila mwaka, kilichoitwa Almanach de Gotha. Kitabu hiki kilikuwa kimekwisha kuanzishwa na wengine mwaka 1763, na Perthes alikichukua kwa mkataba. Ndani yake mliandikwa kalenda, na nasaba za wafalme na watawala wa Ulaya: ni nani aliyezaliwa, ni nani aliyeoa, ni nani aliyekufa. Baadaye yakaongezwa majina ya mabalozi na mawaziri, na hesabu za nchi.

Mtu aweza kufikiri kwamba kitabu kama hiki ni kitu kidogo, cha kufurahisha wakuu. Lakini kilikuwa na tabia moja iliyoijenga nyumba ya Perthes. Kitabu cha hadithi kikiisha kuandikwa kimekwisha. Bali kitabu cha habari kila mwaka huzeeka. Mfalme akifa, karatasi ya jana ni uongo leo. Basi mwenye kukichapa hana budi kuandika barua mahali pengi, kupokea majibu, kuyalinganisha, kuyaweka kwa utaratibu, na kusahihisha. Wazee wetu husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nyumba ya Perthes ilikuwa imejifunza kutunza daftari kabla ya kuanza kuchora mto hata mmoja. Tena kitabu cha namna hii huuzwa kila mwaka kwa watu wale wale, na mwenye duka hupata mapato ya kutegemea, awezayo kuyaweka katika kazi zichukuazo miaka mingi.

WILHELM NA KITABU CHA STIELER

Justus alikufa mwaka 1816, na mwanawe Wilhelm, aliyezaliwa mwaka 1793, akairithi kazi. Wilhelm alikuwa amejifunza biashara katika duka la ndugu yake wa ukoo, Friedrich Perthes, huko Hamburg. Huyu Wilhelm ndiye aliyeugeuza uso wa nyumba kuelekea ramani.

Katika Gotha alikuwako mtumishi wa serikali jina lake Adolf Stieler, mtu mwenye bidii ya kuchora ramani. Stieler alitaka kutengeneza kitabu cha ramani ambacho mtu aweza kukishika mkononi na kukitumia mezani kwake, tofauti na vile vikubwa mno vya wakati ule vilivyofaa maktaba za wakuu tu. Ramani ziwe za kipimo cha kulinganishwa, maandishi yawe mengi lakini yasomeke, na bei isiwashinde watu wa kawaida. Wilhelm Perthes akakubali. Kitabu kikatoka kwa mafungu, kuanzia mwaka 1817 hata 1823. Kikaendelea kutolewa tena na tena, kikirekebishwa kila mara, kwa zaidi ya miaka mia. Na toleo lake la tisa, la miaka 1901 hata 1905, lilikuwa na ramani 100.

Ili kufahamu gharama ya kazi hii, yafaa tujue jinsi ramani zilivyochapwa. Fundi alitwaa bamba la shaba lililolainishwa kama kioo. Juu yake alichora kwa kijembe kikali cha chuma, mstari kwa mstari, na herufi zote kinyume, kulia kuwa kushoto, ili zikichapwa zisomeke sawa. Kisha bamba lilipakwa wino, likapanguswa hata wino ukabaki ndani ya mikwaruzo tu, likawekewa karatasi yenye unyevu, likapitishwa kwa nguvu chini ya gurudumu la mtambo. Rangi za mipaka zilitiwa baadaye kwa mkono, karatasi moja moja, kwa burashi. Bamba moja lenye milima mingi liliweza kumshughulisha fundi kwa miezi mingi.

Lakini shaba ina wema wake: huweza kusahihishwa. Mto ukijulikana kuwa umechorwa mahali pasipo pake, fundi huukwangua, hulipiga bamba kwa nyundo kwa nyuma hata pale palipokwanguliwa pakainuka sawa, kisha huchora upya. Kwa hiyo bamba la shaba lilikuwa mali ya jamaa, lirithiwalo kama shamba. Baba huliacha, mwana huling'oa magugu, mjukuu hulivuna. Kampuni inayotafuta faida ya mwaka mmoja isingeweza kuvumilia kazi ya namna hii. Jamaa iliyotazamia watoto na wajukuu iliweza.

Wilhelm hakuishia kwa Stieler. Aliwaita wajuzi wengine. Heinrich Berghaus alitengeneza kitabu cha ramani za maumbile ya ulimwengu, kilichotoka kati ya mwaka 1838 na 1848, ambamo mlionyeshwa joto na baridi, pepo, mikondo ya bahari, mimea na wanyama. Karl von Spruner alifanya ramani za nyakati zilizopita. Na Emil von Sydow, askari aliyekuwa pia mwalimu, alianza mwaka 1838 kutoa ramani kubwa za kutundikwa ukutani kwa ajili ya shule. Sydow alijua kwamba mtoto aketiye nyuma darasani hawezi kusoma herufi ndogo. Basi akaifanya nchi yenyewe iseme kwa rangi: nchi ya chini akaitia rangi ya majani, nchi ya juu akaitia rangi ya udongo. Mwalimu asomaye haya na atazame ramani iliyo ukutani kwake. Ikiwa mabonde ni ya kijani na milima ni ya hudhurungi, huenda anaitumia desturi aliyoieneza Sydow.

BERNHARD NA PETERMANN

Wilhelm alikufa mwaka 1853. Akafuata mwanawe Bernhard, aliyezaliwa mwaka 1821. Huyu hakupewa miaka mingi, lakini katika miaka yake michache alifanya jambo kubwa: mwaka 1854 alimwita Gotha August Petermann. Petermann alikuwa mzaliwa wa Bleicherode wa mwaka 1822, mwanafunzi wa Berghaus huko Potsdam, kisha akafanya kazi ya ramani Edinburgh na London, mahali zilipokuwa zikifika barua za wasafiri kutoka pande zote za dunia.

Mwaka 1855 Petermann na nyumba ya Perthes walianzisha gazeti la jiografia, ambalo baadaye liliitwa kwa jina la Petermann mwenyewe. Shauri lake lilikuwa rahisi. Kitabu cha ramani huchukua miaka kutengenezwa. Lakini habari huja kila mwezi. Basi habari zichapwe mara zikifika, pamoja na ramani nzuri, na wajuzi wazijadili. Kisha yaliyothibitika yaingizwe katika mabamba ya kitabu kikubwa. Hivi gazeti lilikuwa kama kitalu cha miche, na kitabu cha ramani kikawa shamba.

Bernhard alikufa mwaka 1857, na mwanawe, aliyeitwa Bernhard pia, alizaliwa mwaka 1858, baada ya kifo cha baba yake. Nyumba ilibaki bila mtu mzima wa damu wa kuiongoza. Sisi tunajua jinsi mali ya yatima inavyoweza kupotea mikononi mwa wasimamizi. Hapa haikupotea. Adolf Müller na Rudolf Besser, waliokuwa wameshirikiana na marehemu, waliitunza kazi hata mtoto akakua na kuishika mwenyewe, akaiongoza mpaka kufa kwake mwaka 1919. Naona hili ni jambo la kukumbukwa zaidi kuliko ramani nyingi nzuri, kwa maana nyumba ya jamaa haisimami kwa damu peke yake. Husimama pia kwa uaminifu wa wasio wa damu.

RAMANI YA ZIWA LA UNIAMESI

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, na mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakafanya makao Rabai. Rebmann aliona theluji juu ya Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf aliuona mlima Kenya mwaka 1849. Wako wajuzi wa Ulaya waliowacheka, hasa William Desborough Cooley wa London, waliosema kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Jakob Erhardt alijiunga nao mwaka 1849, na baadaye akakaa miezi kadhaa Tanga, akizungumza na watu wa misafara.

Erhardt na Rebmann waliona jambo la ajabu. Waliuliza watu waliokwenda bara kwa njia ya Kilwa, wakaambiwa: mwisho wa safari ni maji makubwa. Wakauliza waliokwenda kwa njia ya kati, ya Unyamwezi na Ujiji, wakaambiwa: mwisho ni maji makubwa. Wakauliza waliokwenda kwa njia za kaskazini, kutoka Tanga na Pangani, nao wakasema: mwisho ni maji makubwa. Basi wakakata shauri kwamba maji hayo ni mamoja. Wakachora ziwa moja kubwa mno, lililonyoka toka karibu na ikweta hata mbali kusini, umbo lake kama konokono asiye na kombe, wakaliita Ziwa la Uniamesi. Ramani hiyo ilitoka kwanza mwaka 1855 katika karatasi ya habari za misheni huko Ujerumani, na mwaka 1856 Petermann akaichapa katika gazeti la Gotha pamoja na maelezo ya Erhardt.

Wenye elimu wakashtuka, wakajadiliana, wengine wakacheka. Lakini hakuna aliyeweza kunyamaza. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikawatuma Richard Burton na John Hanning Speke kwenda kutazama. Mwezi wa Februari 1858 wakafika Ziwa Tanganyika. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Speke peke yake akayaona maji ya Nyanza, ambayo aliyaita kwa jina la malkia wake, Victoria. Mwaka 1859 David Livingstone akafika Nyasa. Hivyo ikajulikana kwamba ziwa lile moja lilikuwa matatu.

Je, watu wa misafara walisema uongo? La, hasha. Kila mmoja alisema kweli ya njia yake. Kosa lilikuwa katika kuziunganisha kweli tatu, na hapa lugha ilihusika. Nyasa, nyanja na nyanza ni neno moja katika vinywa mbalimbali: maana yake ni maji makubwa, ziwa, au hata bahari. Mtu wa kusini akisema "nyasa" na mtu wa kaskazini akisema "nyanza", msikiaji mgeni aweza kudhani kwamba wanataja kitu kimoja kwa jina lake, kumbe kila mmoja anataja aina ya kitu. Ni kama mgeni asikiaye "mto" huku na "mto" kule, akaamini kwamba nchi nzima ina mto mmoja uitwao Mto. Tena nchi yenyewe ilisaidia kudanganya, maana Tanganyika huanzia karibu na digrii ya 3 kusini ya ikweta ikafika karibu na ya 9, na Nyasa huanzia baada ya digrii ya 9 ikafika baada ya ya 14. Hata yakipangwa karatasini, maji hayo hufuatana kama vipande vya kamba iliyokatika.

Jambo jingine la kutazama ni majina. Kichwa cha ramani ile chasema kwamba imejengwa juu ya habari zilizopokewa kwa wenyeji wengi na wasafiri Waislamu. Huo ni ukiri mwema, na si kila mchoraji aliyeufanya. Walakini majina yaliyosimama pale kama ya wachoraji ni mawili tu, ya Erhardt na Rebmann. Wachuuzi na wapagazi, waliohesabu siku za mwendo kwa miguu yao wenyewe, wamekusanywa katika neno moja, "wengi". Sisi ambao kazi yetu ni lugha na desturi twapaswa kujua kwamba ramani hii, ya kwanza kuwasumbua wajuzi wa Ulaya juu ya maziwa yetu, ilikuwa rahmani kwa maana ya kale: maneno ya watu waliokwisha kupita.

JINSI YA KUYASOMA MAJINA YA KALE

Walimu wengi wanaokutana na ramani za Gotha, au nakala zake, hutatizwa na majina. Funguo zake si ngumu. Mwandishi Mjerumani alisikia kwa sikio la Kijerumani, akaandika kwa herufi za kwao. Sauti yetu ya sh aliiandika sch: hivyo Moschi ni Moshi, na Aruscha ni Arusha. Sauti ya j aliiandika dj au dsch: Udjidji ni Ujiji, Kilimandscharo ni Kilimanjaro, na Dschagga ni Chaga. Herufi j aliitumia mahali pa y yetu: Tanganjika, Njassa. Na herufi z kwao husomwa ts. Kwa hiyo sauti yetu ya z aliiandika s: Muansa ni Mwanza, na Uniamesi ni Unyamwezi, ingawa hapa w imepotea njiani.

Ajuaye funguo hizi aweza kuifungua ramani ya kale na kukuta ndani yake vijiji vilivyohama, majina ya watemi yaliyosahauliwa, na njia zisizopitwa tena. Lakini naye atahadhari. Jina la mtu mara nyingi liliandikwa kama jina la kijiji, kwa sababu mpagazi aliulizwa, "Hapa pa nani?" akajibu kweli, na mwandishi hakufahamu.

KUTOKA DAFTARI LA SAFARI HATA RAMANI

Baada ya miaka ile nyumba ya Perthes iliendelea kupokea madaftari ya wasafiri wa Afrika. Mmoja wa mafundi wake wakuu alikuwa Bruno Hassenstein. Kazi yake ilikuwa kuyatwaa maandishi ya msafiri, saa za mwendo, pande za dira, vipimo vya nyota, urefu wa milima uliokisiwa kwa joto la maji yanayochemka, na kuyajenga yakawa ramani, huku akiyalinganisha na ya wengine waliopita karibu. Mahali wawili walipopingana, ilibidi apime ni nani wa kuaminiwa zaidi. Hivyo ndivyo zilivyopatikana, kwa mfano, ramani za safari ya Oscar Baumann ya miaka 1891 hata 1893, kutoka Tanga kupita nchi ya Wamasai, Manyara na Ngorongoro, kwenda Nyanza na Urundi. Zilichapwa Gotha mwaka 1894.

Haifai kuficha kwamba ramani hizo hazikuwa za elimu tu. Mtawala atakaye kuchukua nchi huanza kwa kuitaka ramani yake. Baada ya mkutano wa Berlin wa miaka 1884 na 1885 mipaka ilichorwa juu ya karatasi, na nyumba ya Perthes yenyewe, kati ya mwaka 1893 na 1897, ilitoa kitabu cha ramani za makoloni ya Ujerumani, kazi ya Paul Langhans. Kalamu iliyoandika jina la mto kwa uangalifu ndiyo hiyo iliyoandika jina la mwenye kuutawala. Mwalimu asimfiche mwanafunzi jambo hili. Ramani huonyesha nchi ilivyo, na papo hapo huonyesha nia ya aliyeichora.

MAVUNO NA MAVUNJIKO

Katika wakati wa Bernhard wa pili, kijana Hermann Haack aliingia kazini mwaka 1897, naye akawa bwana wa ramani za shule. Ramani zake za ukutani, zilizoanza kutoka mwanzoni mwa karne ya ishirini, zilienea katika shule nyingi. Baada ya Bernhard akafuata mwanawe Joachim. Kitabu cha takwimu, kile cha nasaba za wafalme, kilitoka kwa mara ya mwisho mwaka 1944. Vita ilikuwa imefika mlangoni, na wengi wa wafalme wake walikuwa hawana tena viti vya enzi.

Baada ya vita Gotha ilikuwa katika sehemu ya mashariki ya Ujerumani, chini ya serikali ya Kikomunisti. Mwaka 1953 Joachim Perthes na mwanawe wakakimbilia magharibi, na kiwanda cha Gotha kikatwaliwa na serikali. Mwaka 1955 kikapewa jina la Hermann Haack. Jamaa ilianza upya katika mji wa Darmstadt, bila mabamba, bila barua, bila maktaba. Kwa muda wa miaka karibu arobaini vilikuwako hivyo viwili, kimoja chenye mali bila jina, na kingine chenye jina bila mali. Ujerumani ulipoungana tena mwaka 1990 vikakaribiana. Lakini jamaa haikuweza kuendelea peke yake, na mwaka 1992 kazi ikaingia katika mikono ya wachapaji wa vitabu vya shule, Ernst Klett. Gazeti lililoanzishwa mwaka 1855 lilikoma mwaka 2004.

Lakini hazina haikutawanyika. Mwaka 2003 serikali ya Thuringia iliununua mkusanyo wote, ukawekwa katika maktaba ya uchunguzi ya Gotha, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Erfurt. Humo zimo ramani zipatazo 185,000, vitabu vipatavyo 120,000, mabamba ya shaba yapatayo 1,600, na barua na maandishi yajazayo rafu za urefu wa mita 800 hivi. Ndani ya barua hizo zimo habari nyingi za Afrika zilizoandikwa kabla hazijapunguzwa na kulainishwa kwa ajili ya chapa.

TUNALOLIPATA SISI

Mwanafunzi wa lugha na desturi ajifunze nini kwa jamaa hii? Naona mambo matatu.

La kwanza, elimu ya kutegemewa hujengwa na marekebisho kuliko na mwanzo. Yeyote aweza kuanza orodha ya maneno, au nasaba ya ukoo, au ramani ya mtaa wa kanisa. Bali atakayeirudia kila mwaka, akifuta yaliyokufa na kuandika yaliyozaliwa, ndiye afanyaye kazi ya Perthes. Haba na haba hujaza kibaba.

La pili, tukiandika jina, tuulize maana yake kabla ya kulifanya jina. Je, ni jina la mahali, au la mtu, au la aina ya kitu? Tuwaulize watu wawili watatu wa njia mbalimbali, na kila neno tuliandike pamoja na njia lilikotoka, wala tusiharakishe kuyaunganisha. Kama Erhardt na Rebmann wangeandika, "Mtu wa Kilwa asema hivi, mtu wa Tanga asema hivi," na kuacha nafasi nyeupe kati yao, ramani yao ingekuwa ndogo, lakini ingedumu. Tusiwacheke, maana ni kosa lao lililowaamsha wengine kwenda kutazama, ila tusilirudie.

La tatu, tuandike majina ya waliotuambia. Katika kila parokia wako wazee wajuao mipaka ya kale, mito iliyokauka, mahali pa minada na makaburi ya watemi. Mwalimu akichukua daftari akaandika habari hizo, na aandike pia: Haya nimeambiwa na fulani bin fulani, wa mahali fulani, siku fulani. Mstari huo mmoja wa wino haugharimu kitu. Ramani ya mwaka 1856 haikuwa nao, na sasa hakuna awezaye kuwashukuru kwa majina yao watu wale waliotembea mpaka kwenye maji makubwa, wakarudi, wakasema waliyoyaona.